Looking for Comedy in the Muslim World: ni nini hasa kilichotuvunja moyo?

Mwanzisha mada

Wadau wa filamu, naomba mnisaidie kulifikiria jambo ambalo limenikaa moyoni tangu juzi. Nimeitazama filamu ya Looking for Comedy in the Muslim World, ambayo Albert Brooks aliiandika, akaiongoza na kuigiza ndani yake kama mhusika mkuu, na ambayo iliingia katika majumba ya sinema ya Marekani tarehe 20 Januari 2006. Nilikuwa nimeitafuta kwa muda mrefu kwa sababu wazo lake lilinivutia mno. Katika kisa hicho, serikali ya Marekani inaona kwamba baada ya mashambulizi ya Septemba 11 imetumia majeshi na majasusi kiasi cha kutosha, na sasa inataka kuwaelewa Waislamu kwa njia ya kicheko. Kamati inayoongozwa na Fred Dalton Thompson, mwanasiasa ambaye aliwahi kuwa seneta kweli na ambaye humu anaigiza kama yeye mwenyewe, inamwita Brooks, naye pia akiwa ni yeye mwenyewe, na kumtuma India na Pakistan achunguze kinachowachekesha Waislamu, kisha arudi na ripoti ya kurasa 500. Ujira anaotajiwa ni nishani ya heshima.

Niliposoma muhtasari huo nilijiambia kwamba hii ni filamu iliyosubiriwa na watu wengi, maana ni nani asiyetaka kuona maadui wanaodhaniwa wakikutana mahali pa kucheka? Tulikuwa watu watano sebuleni, wazee wawili na vijana watatu, na mimi ndiye niliyewakusanya kwa sifa nyingi nilizoimwagia filamu hiyo kabla sijaiona. Baada ya nusu saa mzee mmoja aliniuliza kwa upole kama kichekesho kilikuwa bado kinakuja. Mmoja wa vijana alicheka Brooks alipopita kando ya Taj Mahal akiwa amezama katika mazungumzo, asiinue macho wala kulitambua jengo ambalo watu huvuka bahari kuja kuliona. Mimi mwenyewe nilicheka hapo na mahali pengine pawili au patatu, lakini muda mwingi nilikaa nikisubiri.

Kilichonisumbua zaidi ni lile tamasha la New Delhi, ambalo kwa hakika ndilo kiini cha filamu. Brooks anapanda jukwaani mbele ya ukumbi uliojaa watu, anamsemesha kikaragosi huku midomo yake mwenyewe ikionekana wazi ikicheza, kisha anawaomba watazamaji wampe mawazo ya igizo la papo kwa papo na kuyabadilisha moja baada ya jingine mpaka hakuna hata moja lililobaki kama lilivyotolewa. Ukumbi umekaa kimya. Sisi sebuleni nasi tulikaa kimya, na sikuweza kujua kama tulikuwa tunanyamaza pamoja na Wahindi wale au tulikuwa tunapitwa na kichekesho pamoja nao.

Basi swali langu ni hili. Je, filamu hii imetuvunja moyo kwa sababu kichekesho ni kitu kisichovuka mipaka ya jamii iliyokizaa, na kwa hiyo Brooks alikuwa anatuonyesha ukweli huo kwa makusudi? Au ni filamu iliyotengenezwa vibaya, ambayo sisi tunaitafutia udhuru kwa kuwa nia yake ni njema?

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mwanzisha mada, nashukuru kwa swali lililoulizwa kwa uaminifu. Mimi ni miongoni mwa wachache wanaoipenda filamu hii, na naomba niitetee kidogo kabla haijazikwa.

Kwanza ni lazima tujue tunamtazama nani. Albert Brooks alizaliwa mwaka 1947, na baba yake, Harry Einstein, alikuwa mchekeshaji wa redio aliyejulikana kwa kuigiza mhamiaji wa Kigiriki anayeboronga Kiingereza. Mtu huyu amekulia ndani ya nyumba ambamo ugeni na lugha iliyovunjika vilikuwa riziki ya familia. Katika filamu yake ndefu ya kwanza, Real Life ya mwaka 1979, aliigiza mwongozaji wa filamu aitwaye Albert Brooks ambaye anaingia katika maisha ya familia ya kawaida ili ayarekodi, na kwa kiburi chake anayavuruga. Tangu wakati huo amekuwa akimjenga mhusika yule yule: mtu mwenye jina lake na sura yake, anayejiona mwerevu, asiyesikiliza, ambaye kila anapogusa jambo huliacha likiwa bovu kuliko alivyolikuta. Anayechekwa katika filamu hii ni Mmarekani aliyetumwa kuwachunguza watu na ambaye hawezi kuacha kujitazama. Mhindi na Mwislamu hawachekwi.

Tazameni mifano inayothibitisha hilo. Ofisi aliyopewa New Delhi iko jirani na kituo cha kupokea simu, ambako vijana wa India wanajibu simu za mashirika ya Marekani, hadi simu za Ikulu ya Marekani kwenyewe. Waliomtuma awachunguze Wahindi hawajui kwamba ni Wahindi wanaoongea na wananchi wao kila siku, tena kwa adabu. Kuhusu Taj Mahal, umeieleza vizuri, nami sina la kuongeza. Halafu kuna ile safari ya usiku ya kuingia Pakistan kwa siri, inayotafsiriwa vibaya na wakubwa wa pande zote hadi India na Pakistan zinakaribia kupigana. Mtu aliyetumwa kuleta maelewano anakaribia kuwasha vita kati ya nchi mbili zenye silaha za nyuklia, na hajui. Mimi naona hiyo ni tashtiti kali kuhusu siasa za nchi za nje za wakati ule.

Pia tusisahau kwamba kuitoa tu kulihitaji ujasiri. Kampuni ya Sony ilitaka jina la filamu libadilishwe kwa kuwa liliogopesha, Brooks akakataa, na mwishowe Warner Independent ndiyo iliyoisambaza. Ilionyeshwa katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Dubai mnamo Desemba 2005, kabla ya kuingia sokoni Marekani, na mtu anayewadharau Waislamu asingeanzia huko.

Sasa kuhusu tamasha lenyewe. Kikaragosi kile na igizo lile la papo kwa papo ni michezo ambayo Brooks alikuwa akiifanya kwenye televisheni ya Marekani katika miaka ya 1970, na wenzake waliicheka hadi machozi. Waliicheka kwa sababu walikuwa wameshawaona mamia ya watu wakiwasemesha vikaragosi kwa ustadi, kwa hiyo kumwona mmoja anayefanya vibaya kwa uso wa kujiamini kulikuwa ni kuupindua mchezo waliouzoea. Mzaha wa namna hii ni kivuli cha kitu kingine, na asiyekijua kitu chenyewe hatakitambua kivuli chake. Brooks anakwenda kwa watu ambao hawajakiona kitu hicho na anawaonyesha kivuli. Ule ukimya ndio kichekesho. Nakubali kwamba ni kichekesho kigumu kumeza, na kwamba jina la filamu linaahidi karamu ilhali mezani kuna sahani moja.

Mchangiaji wa pili

Nawashukuru nyote wawili. Kwa miaka kadhaa nimefanya kazi ya kutafsiri mazungumzo ya filamu ili yaandikwe chini ya picha, na mada hii inagusa mahali ambapo kazi yangu huniuma, kwa hiyo nitajibu upande mmoja tu wa swali: kama kichekesho huvuka au hakivuki.

Katika tamasha lile Brooks anauliza kwa nini India hakuna Halloween, sikukuu ambayo watoto wa Marekani hupita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Jibu lake linasimama juu ya sauti: neno la Kiingereza la peremende linakaribiana kimatamshi na jina la Gandhi, hivyo anasema kana kwamba Gandhi ndiye kitu kilichoondolewa. Mfasiri akikabidhiwa sentensi hiyo hana la kufanya. Akiandika maana, kichekesho kimekufa, na akiandika maelezo, watazamaji watakuwa bado wanayasoma wakati picha imeshahamia kwingine. Fikirieni mzaha wetu wowote unaochezea neno paa, ambalo kwetu ni mnyama wa porini, ni sehemu ya juu ya nyumba, na pia ni kupanda angani. Tukimpelekea mtu wa lugha nyingine mzaha huo, tunampelekea boksi tupu, na kosa halitakuwa lake akituangalia bila kucheka. Tena hapa kuna uzito wa ziada, kwa kuwa Gandhi kwa watu waliokaa katika ukumbi ule si sauti tu ya kuchezewa, ni mtu aliyeuawa kwa risasi mwaka 1948 katika mji huo huo wa Delhi.

Lakini sikubali kwamba kichekesho kwa jumla hakivuki. Mnakumbuka kisa cha Abunuwasi na sufuria? Aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha ikiwa na sufuria ndogo ndani yake, akasema ile kubwa imezaa, na jirani akafurahi, akazichukua zote mbili. Safari ya pili alipoazima hakurudisha. Jirani alipokuja kudai akaambiwa sufuria imefariki, akapiga kelele kwamba sufuria haiwezi kufa, naye akajibiwa kuwa kama aliamini imezaa, basi na aamini imekufa. Kisa hicho hicho Waarabu wanamsimulia Juha, na Waturuki wanamsimulia Nasreddin Hodja. Jina la Abunuwasi lenyewe limesafiri kutoka Baghdad, alikoishi mshairi Abu Nuwas aliyefariki mnamo mwaka 814 hivi, mpaka likawa jina la mjanja wetu sisi. Hakuna mfasiri anayetoka jasho kwa kisa hicho, kwa maana hakitegemei sauti ya neno lolote. Kinategemea tamaa ya mtu anayeukubali uongo unapomnufaisha na kuukataa unapomtia hasara, na mtu huyo anaishi kila mahali.

Mwanafalsafa Mfaransa Henri Bergson, katika kitabu chake kuhusu kicheko cha mwaka 1900, anasimulia kuhusu mtu aliyeulizwa kwa nini halii wakati kanisa zima linalia kwa mahubiri, akajibu kuwa yeye si wa parokia ile. Bergson anasema kicheko nacho ni hivyo, kwamba daima ni kicheko cha kundi. Nimelifikiria sana neno hilo katika kazi yangu, na naliona ni kweli kwa nusu. Kuna vichekesho vya parokia, navyo vina utamu wake ambao mgeni haupati. Kuna na vichekesho vya sufuria. Brooks alibeba vya parokia peke yake na kwenda navyo safari ndefu. Isitoshe, ni mtu huyu huyu ambaye sauti yake ndiyo ya Marlin, yule baba mwenye hofu katika katuni ya samaki, Finding Nemo, ya mwaka 2003, iliyochekesha watoto wa lugha nyingi duniani ingawa wengi wao waliisikia kwa sauti za waigizaji wengine. Kwa hiyo tusiseme kwamba kipaji cha kuvuka hakuwa nacho.

Mchangiaji wa tatu

Nimesoma kwa makini, na ninawaheshimu wote waliotangulia, ila naona tumekubali jambo moja haraka mno. Sote tunauzungumzia ule ukimya wa Delhi kana kwamba ulitokea. Haukutokea. Ni ukimya ulioandikwa. Aliyeamua kwamba Wahindi hawatacheka ni Brooks akiwa mezani kwake na kalamu, na wale waliokaa ukumbini walikuwa wakitekeleza maelekezo. Hatuwezi kuutumia kama ushahidi wa kile ambacho Wahindi wanakielewa au hawakielewi, kwa sababu ni ushahidi wa kile ambacho mwandishi mmoja wa Marekani alidhani kuhusu Wahindi.

Tena alidhani vibaya. Mchangiaji wa kwanza anasema watu wale hawakuwa wamewahi kukiona kitu chenyewe, kwa hiyo hawakukitambua kivuli chake. India ina mtu anayeitwa Ramdas Padhye, ambaye amekuwa akiwasemesha vikaragosi jukwaani na kwenye televisheni tangu miaka ya 1960, akiirithi kazi hiyo kwa baba yake, na vikaragosi vyake vimejulikana kwa vizazi kadhaa. Mtazamaji wa Delhi wa mwaka 2005 angeweza kabisa kutambua kwamba anayemwona ni mtu anayefanya ovyo kwa makusudi, na labda angecheka. Filamu haikumpa nafasi hiyo, kwa kuwa mpango mzima ulihitaji anyamaze.

Halafu tuje kwenye swali ambalo Brooks alitumwa kulijibu. Aliambiwa atafute kinachowachekesha Waislamu. Anachokifanya ni kuwasimamisha watu barabarani na kuwauliza ni nini kinachowachekesha, jambo ambalo hata mimi ukinivamia nalo njiani sitakuwa na jibu, kisha anaandaa tamasha apime kama yeye anawachekesha. Hayo ni mambo mawili tofauti, na filamu inayabadilishana mikononi kama mchezo wa kiinimacho. Ukitaka kujua kinachowachekesha watu, nenda ukakae nyuma ya ukumbi ambamo tayari wanacheka.

Na kumbi hizo zilikuwepo. Tuanze na India yenyewe, ambako sensa ya mwaka 2001 ilihesabu Waislamu wapatao milioni 138, ijapokuwa ni asilimia 13.4 tu ya wananchi wote. Kuna watazamaji wengi waliolalamika kwamba kwenda kuwatafuta Waislamu katika nchi yenye Wahindu wengi ni upuuzi, na mimi siungi mkono lalamiko hilo, kwa kuwa wakati ule ni Indonesia na Pakistan tu zilizokuwa na Waislamu wengi zaidi. Lalamiko langu ni kwamba alifika mahali penye hazina, akakanyaga juu yake. Badruddin Jamaluddin Kazi alikuwa kondakta wa basi mjini Bombay, akiwafurahisha abiria kwa maneno na vituko, mpaka watu wa filamu wakamwona na kumpa jina la Johnny Walker. Tangu miaka ya 1950 Mwislamu huyu aliichekesha India nzima, Wahindu kwa Waislamu kwa Masingasinga, na alisifika kwa kuigiza walevi ilhali mwenyewe hakuwa mnywaji. Katika Pyaasa ya mwaka 1957, filamu yenye huzuni nzito, yeye ndiye mkandaji wa vichwa anayepita mitaani akiimba na kuwapa watazamaji nafasi ya kupumua. Alifariki mwaka 2003, miaka michache tu kabla Mmarekani wetu hajafika kuuliza kama Waislamu wana kichekesho.

Ukirudi nyuma zaidi utamkuta Akbar Allahabadi, aliyeishi kati ya mwaka 1846 na 1921, hakimu katika mahakama za Waingereza ambaye kwa mashairi ya Kiurdu aliwacheka raia wenzake waliojikunja ili wafanane na mabwana zao, na akawacheka mabwana wenyewe bila kuwatukana. Ukivuka mpaka kuingia Pakistan utamkuta Moin Akhter, aliyeweza kuvaa sauti na mwenendo wa mtu yeyote, na Umer Sharif wa Karachi, ambaye tamthilia zake za jukwaani zilisambazwa kwa kanda za video na kupendwa hata ndani ya India, nchi ambayo majeshi yake yalikuwa yakielekezana mitutu na ya kwao. Tafakarini hilo kidogo. Kicheko kilikuwa tayari kinavuka ule mpaka ambao katika filamu kinahitaji Mmarekani akivushe gizani, tena kwa hatari ya vita.

Hata Marekani kwenyewe hakukuwa na uhaba. Ilipofika mwaka 2004, wachekeshaji Waislamu akina Azhar Usman na Preacher Moss walikuwa wameshaanza ziara yao ya jukwaani, wakiwachekesha watu kwa habari za msikitini na za viwanja vya ndege. Mwaka 2008 mji wa Amman ukawa na tamasha lake la wachekeshaji wa jukwaani. Ndani ya filamu, mhusika wa Kihindi mwenye nafasi kubwa kuliko wote ni Maya, msaidizi wa Brooks, na mwigizaji wake, Sheetal Sheth, ambaye namsifu kwa kazi nzuri, alizaliwa New Jersey. Simlaumu kwa hilo hata kidogo. Nasema tu kwamba mwandishi angekuwa na mtu wa kumuuliza hata bila kupanda ndege.

Nimeandika kwa uchungu na naomba radhi kama nimewachosha, lakini kumbukeni ni wakati gani filamu hii ilitoka. Gazeti la Denmark lilichapisha vibonzo vya Mtume mwezi Septemba 2005, na ghasia zake zilifika kilele mwanzoni mwa mwaka 2006, katika wiki zile zile ambazo filamu ilikuwa kwenye majumba ya sinema. Magazeti ya dunia yalijaa makala zilizouliza kama Waislamu wanajua kucheka. Ulikuwa ni wakati ambao filamu moja iliyosikiliza vizuri ingekuwa na thamani kubwa mno. Hii iliingiza chini ya dola milioni moja Marekani, ikaondoka, na swali likabaki na wale wenye kulijibu kwa chuki.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu yangu, hoja yako ya ukimya ulioandikwa imenikamata, na sina jibu lake. Nilikuwa sijamjua Padhye, na nikikubali kwamba yupo, utetezi wangu wa kivuli unapoteza mguu mmoja.

Pamoja na hayo nang'ang'ania jambo moja. Unaidai filamu iwe uchunguzi wa vichekesho vya Waislamu, ambao ungetengenezwa na mtu mwingine. Brooks alitaka kuonyesha uziwi. Mtu anayeigiza uziwi hawezi kulaumiwa kwamba hakusikia. Anaweza kulaumiwa, nami hapo namlaumu, kwa kutotupa sisi watazamaji nafasi ya kusikia kile ambacho mhusika wake hakisikii. Katika tukio la Taj Mahal tunaliona jengo, yeye halioni, na ndiyo maana tunacheka. Kama kila tukio lingekuwa hivyo, kama huku yeye akihojiana na watu ovyo ovyo sisi tungewasikia watu wale wale nyuma yake wakitaniana na kuvunjika mbavu, ingekuwa filamu nyingine kabisa.

Mchangiaji wa pili

Hapo umesema neno. Na kitaalamu ni jambo linalowezekana kabisa: mhusika haelewi Kihindi wala Kiurdu, mtazamaji anasoma tafsiri chini ya picha. Tungecheka pamoja na watu wa Delhi, na yeye ndiye angebaki nje ya parokia.

Mwanzisha mada

Nawashukuru kutoka moyoni. Sikutegemea swali langu litapata watu wa kulibeba namna hii.

Jana usiku niliirudia filamu peke yangu, nikiwa na maneno yenu kichwani, na nilikaa zaidi kwenye kile kipande cha Pakistan, Brooks anapoketi gizani kando ya moto na vijana wanaotaka kuwa wachekeshaji. Mara ya kwanza nilikipenda kuliko vipande vyote kwa sababu hatimaye watu walikuwa wanacheka, na nilifurahi kwa niaba yake. Mara hii niliona kitu kingine. Furaha iliyo usoni mwake ni ya mtu aliyepata watazamaji. Vijana wale wamehatarisha usiku wao kuja kukutana naye, nao ni wachekeshaji, ndio hasa watu aliotumwa kuwatafuta, na bado nilibaki nikitamani kuwasikia wao zaidi kuliko yeye. Ndipo nilipoelewa kwa nini sisi watano sebuleni tulikuwa tunasubiri. Tulikuwa tunasubiri kuchekeshwa na watu wa India na Pakistan, kwa maana jina la filamu lilitwambia kwamba tunakwenda kwao.

Mchangiaji wa kwanza, nakubali kwamba uziwi ule ni wa makusudi, na nitaendelea kulipenda tukio la Taj Mahal. Ila nimejikuta nikiwa upande wa mchangiaji wa tatu, kwa kuwa kumwona mtu asiyesikia kwa saa moja na nusu bila mimi kusikia chochote kumenifanya nami niwe kiziwi pamoja naye.

Nimewaomba wale wale wanne waje tena Jumamosi. Mzee aliyeniuliza kama kichekesho kilikuwa bado kinakuja amekubali kwa sharti kwamba safari hii nisitoe sifa zozote kabla. Tutaanza na Pyaasa, kwa ajili ya yule mkandaji wa vichwa, na kama mchangiaji wa tatu anaweza kunielekeza ni tamthilia ipi ya Umer Sharif yenye tafsiri nzuri, naomba aniandikie hapa kabla ya siku hiyo.